Kabla Hujachomoa Waya

Kigoma mvua huonekana kabla haijafika. Wingu hupanda kwenye milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, maji yanabadilika rangi, na pale Kibirizi wenye dagaa juani wanaanza kuwakusanya kabla ya tone la kwanza. Maofisini nako watu hukimbizana: madirisha yafungwe, televisheni ichomolewe, friji ichomolewe. Katika kukimbizana huko, kwa nia njema kabisa, mtu hupita nyuma ya meza akachomoa na seva.

Nimewahi kuwa mtu huyo. Nilikuwa nikitunza mashine za kituo kimoja cha afya kando ya ziwa, radi ikapiga mwembe hatua chache kutoka ofisini, nami nikavuta waya ukutani papo hapo. Mvua ilipokatika seva iliwaka, taa zote za kijani, ila hifadhidata ilikataa kuamka. Jedwali la dawa lilikuwa limeharibika, na nakala rudufu ya mwisho ilikuwa ya wiki iliyotangulia. Kwa siku mbili masista waliandika wagonjwa kwenye madaftari makubwa, huku akina mama waliosafiri kwa boti tangu alfajiri wakiulizwa upya maswali waliyokwisha kuyajibu mwezi uliopita. Radi yenyewe haikugusa hata waya wetu mmoja.

Tangu siku ile, nikimfundisha kijana kazi hii, naanza na kuzima. Kuwasha seva ni kubonyeza kitufe. Kuzima kunataka ujue nani anaitumia, ina kazi gani mkononi, na nani ataiamsha kesho. Nawaandikia maofisa TEHAMA wa halmashauri, walimu waliokabidhiwa funguo za chumba cha kompyuta, wahasibu wa SACCOS wenye mashine chini ya meza, na kila aliyeachiwa seva bila kuachiwa maelezo. Nitasema zaidi kuhusu Linux, kwa kuwa ndiyo niliyokutana nayo kwenye seva nyingi. Wa Windows nao nitawafikia.

Fikiria karani anayehesabu ndoo za dagaa mwaloni. Boti nne zimefika kwa pamoja. Hawezi kuandika kila ndoo inaposhuka. Anashika hesabu kichwani, na akipata nafasi anaandika mistari mitano kwa mpigo. Seva nayo hufanya hivyo. Unachokihifadhi hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, ile inayofutika umeme ukikatika, kikisubiri zamu ya kushushwa kwenye diski. Hifadhidata nzuri kama MySQL na PostgreSQL hujilinda kwa kuandika kwanza kwenye daftari la pembeni, ili zikizimika ghafla zijue pa kuanzia. Lakini ulinzi huo unategemea diski iseme kweli inapodai imeshaandika. Ziko diski, hasa za bei nafuu, zinazodai hivyo maandishi yakiwa bado kwenye kumbukumbu zao ndogo za ndani. Ukikata umeme wakati huo, daftari kuu na daftari la pembeni yote yanabaki nusu.

Ukishaingia kwenye seva kwa terminali, amri ya kwanza isiwe ya kuzima. Andika

hostname

kisha usome jina linalotokea, ulisome kweli. Madirisha meusi ya terminali yanafanana kama ndugu mapacha. Unaweza kuwa umefungua moja la mashine iliyo mbele yako na jingine la seva iliyo mbali, vidole vikaandika kwenye lile ambalo macho hayakukusudia. Kwa Debian na Ubuntu ipo programu ndogo iitwayo molly-guard, na ningependa kila seva tunayoifikia kwa SSH iwe nayo. Ukiamuru kuzima au kuwasha upya ukiwa mbali, inakuuliza kwanza jina la mashine. Ukikosea jina, haizimi. Inasimuliwa kwamba jina lake linatokana na Molly, binti mdogo wa mtaalamu mmoja wa kompyuta, aliyebonyeza swichi kubwa nyekundu ya mashine mara mbili kwa siku moja, hata mafundi wakaifunika swichi kwa kinga. Kuiweka ni mstari mmoja: sudo apt install molly-guard.

Umbali una maana yake kwetu. Ukiwa Mwanga ukaizima seva iliyo Ujiji, unapanda daladala ukaiwashe. Ukiizima iliyo Kalya, kule mbali kusini kwenye ufuo wa ziwa, mtu wa kubonyeza kitufe huenda yuko safari ndefu ya boti kutoka ulipo, na ziwa likichafuka boti haiondoki. Kwa hiyo kabla ya kuzima mashine ya mbali jiulize kama ulichotaka ni kuizima au kuiwasha upya. Mara nyingi ni kuiwasha upya, yaani shutdown -r, wala si -h. Na kama ni lazima izimwe, mpigie simu aliye pale, umsikie kwa sauti yake akisema yupo na ufunguo wa chumba anao. Ujumbe wa maandishi ambao haujajibiwa usiuhesabu.

Sasa watu. Vitabu vingi vinakuelekeza uandike who au w kuona nani yumo ndani ya seva. Ni ushauri mzuri wa zamani, wa enzi ambapo kila mtumiaji aliingia kwa terminali. Leo kwenye kituo cha afya au ofisi ya ushirika, watu hutumia mfumo kupitia kivinjari. Ukiandika who utajiona peke yako, kumbe dirisha la mapokezi lina foleni, famasi wanatoa dawa, na mhasibu anafunga hesabu za mwezi. Hakuna hata mmoja wao atakayeona onyo ambalo seva hutuma kwa walio kwenye terminali. Andika ss -tn uone miunganisho iliyo hai. Kwa MySQL ingia ukaulize SHOW PROCESSLIST. Utaona maswali yanayoendelea. Halafu, na hili ndilo ninalolithamini kuliko amri zote, inuka kwenye kiti uende. Pita mapokezi, pita famasi, pita maabara. "Sista, naomba umalize huyo uliyenaye kisha usimame, nazima baada ya robo saa." Usiseme "mtandao utasumbua kidogo." Mtu akiambiwa mtandao utasumbua, ataendelea kujaribu, na kujaribu kwake ndiko kunakoacha kumbukumbu nusu. Na hao walio kwenye benchi nao waambiwe. Wamekuja na wagonjwa wao, wana haki ya kujua kwa nini mambo yamesimama.

Angalia pia kazi zisizo na mtu. Nakala rudufu inayojiendesha yenyewe jioni, au masasisho ya mfumo yaliyo katikati. Amri ps aux | grep -E "apt|dpkg|mysqldump|rsync" itakuonyesha kama kuna mojawapo. Ukikuta dpkg inafanya kazi, subiri. Kuikata katikati ya kubadilisha kiini cha mfumo kunaweza kukupa mashine isiyoamka kabisa.

Kwenye saa, Kiswahili chetu kinaweza kututega. Amri ya kuzima inakubali kutajiwa wakati kamili. Tuseme umewaambia wenzako kwamba seva itazimwa saa kumi na nusu jioni, na sasa ni saa kumi na robo. Ukiandika

sudo shutdown -h 10:30

seva inaelewa saa nne na nusu asubuhi. Kwa kuwa ya leo imeshapita, inapanga ya kesho. Jioni hiyo hakuna kinachotokea, unadhani amri imekataa, unachomoa waya au unakwenda nyumbani. Kesho yake, foleni ikiwa imefika mlangoni, seva inajizima mbele ya wote. Saa kumi na nusu jioni kwa seva ni 16:30. Na hata hiyo si ya kuamini upesi, maana seva nyingi husimikwa zikifuata UTC, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Kwa mashine ya namna hiyo 16:30 ni saa moja na nusu usiku, jua limeshazama nyuma ya milima ya ng'ambo. Wenye ofisi zinazoshirikiana na Bujumbura, Uvira au Kalemie wana la kuongeza, kwa sababu huko saa iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na mtu wa kule akikutajia muda lazima umuulize ni wa upande upi wa ziwa. Amri timedatectl itakuonyesha seva inafuata saa ya wapi.

Mimi nimeacha kutaja saa. Nataja dakika, ambazo ni zilezile pande zote:

sudo shutdown -h +15 "Seva inazimwa baada ya dakika 15. Hifadhini kazi zenu."

Zikibaki dakika tano, Linux za siku hizi zinafunga mlango: watumiaji wapya wa terminali hawaingii tena. Ukighairi, sudo shutdown -c inafuta mpango. Usipotaja muda wowote, shutdown inakupa dakika moja tu. Ukiandika now, hakuna anayepewa nafasi, kwa hiyo liache neno hilo mpaka uwe umehakikisha uko peke yako.

Ndani ya hizo dakika 15 kuna kazi. Hapa napenda kuwakumbusha vijana meli ambayo kila mtu wa Kigoma anaijua kwa jina la Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka hapa, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Vita vilipowaelemea Wajerumani, tarehe 26 Julai 1916 waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Kabla ya kuyaachia maji, mafundi walizipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, baada ya miaka minane, mitambo ilikuwa bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Adui alikuwa anakaribia, haraka yao ilikuwa kubwa kuliko yangu na radi yangu, na bado walipata muda wa grisi.

Grisi ya seva ni kusimamisha huduma kwa mpangilio, kutoka nje kwenda ndani. Funga kwanza mlango wa watumiaji:

sudo systemctl stop apache2

au nginx, kutegemea unayotumia. Hapo maombi mapya hayaingii. Ndipo usimamishe hifadhidata:

sudo systemctl stop mysql

na kuiacha imalize. Hifadhidata kubwa inaweza kuchukua dakika kadhaa kushusha yale iliyoyashika kichwani. Usiihimize. Hakikisha kwa systemctl status mysql kwamba imesimama kweli. Utaniambia kwamba shutdown ingefanya yote hayo yenyewe, na ni kweli, inajitahidi: inaomba kila programu ijifunge, kisha inasubiri. Lakini ustahimilivu wake una kikomo, ambacho kwa kawaida ni sekunde 90 kwa kila huduma isiyopangiwa vingine; zikipita, inaua kwa nguvu. Kwenye mashine ya kisasa sekunde 90 ni nyingi. Kwenye kompyuta ya mezani ya zamani iliyogeuzwa seva, yenye diski inayokoroma, zinaweza zisitoshe. Wanaoendesha hifadhidata ndani ya Docker wawe waangalifu zaidi, kwa sababu docker stop kwa kawaida husubiri sekunde 10 tu. Iongezee muda: docker stop -t 120, na jina la kontena lako. Kama una mashine pepe, zizime hizo kwanza, moja moja, kabla ya mwenyeji wake.

Kabla dakika hizo hazijaisha nafungua daftari lililo juu ya seva, la karatasi, lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Naandika tarehe, saa, jina langu, sababu ya kuzima, na namba ya mgonjwa wa mwisho aliyeingizwa pamoja na muda wake. Daftari hilo limeniokoa mara nyingi kuliko programu yoyote.

Kisha iache izime, ukae pale. Skrini itapitisha mistari, mingine itasimama kwa muda. Usishike kitufe. Kukibonyeza mara moja na kuachia, kwenye seva nyingi za Linux, ni kuiomba izime kwa utaratibu, na ni msaada mkubwa kama kibodi imekufa. Kukishikilia kwa sekunde nne au zaidi ni sawa na kuvuta waya. Vilevile ogopa amri ya kuzima yenye -f mbili, maana hiyo haisubiri programu wala haifungi mafaili ya diski.

Mashine ikiganda kabisa, skrini haijibu, SSH haiingii, bado kuna njia kabla ya kukata umeme. Kwenye kibodi shikilia Alt na SysRq, kitufe ambacho mara nyingi huandikwa pia Print Screen, kisha bonyeza S, subiri sekunde chache, U, subiri, halafu O. S inashusha yaliyoko kwenye kumbukumbu, U inafunga diski zisiandikwe tena, O inazima. Ukiweka B mahali pa O, inawaka upya. Ubuntu huruhusu hizi bila marekebisho. Hifadhidata haitakuwa imeagwa vizuri, lakini mafaili yatakuwa na nafuu kubwa kuliko waya kuvutwa.

Wa Windows Server, kwa ufupi: shutdown /s /t 900 /c "Seva inazimwa baada ya dakika 15" inazima baada ya sekunde 900, na shutdown /a inaghairi. Jua tu kwamba ukiweka muda unaozidi sifuri, Windows hufunga programu kwa nguvu ukifika, hata yenye kazi ambayo haijahifadhiwa. Kwa hiyo kuzunguka madirishani na kusimamisha hifadhidata mwenyewe ni lazima huko pia.

Umeme nao. Mkoa wetu uliishi miaka mingi nje ya gridi ya Taifa, kwa majenereta ya dizeli, na tulizoea kufanya kazi tukisikiliza mlio wake. Gridi imebadilisha mengi, ila haijaondoa radi, wala haijaondoa LUKU kuisha Jumamosi usiku ofisi ikiwa imefungwa. Kuisha kwa LUKU ni ajali inayozuilika kwa kuangalia mita kila Ijumaa, na mtu mmoja apewe kazi hiyo kwa jina.

UPS ikilia, watu wengi huichukulia kama ruhusa ya kuendelea na kazi. Ichukulie kama kengele ya kuanza kuzima. Betri zake za risasi hudumu miaka mitatu hadi mitano kwa kawaida, na joto la chumba kisicho na feni hupunguza hata hiyo. Kama UPS yako ina kebo ya USB, iunganishe na seva: apcupsd kwa zile za APC, na NUT kwa aina nyingi nyinginezo, zitazima seva kwa utaratibu betri inapokaribia kwisha. apcupsd ikiachwa ilivyo husubiri mpaka asilimia 5 au dakika 3 zibaki. Kwa betri iliyozeeka hizo dakika 3 huwa hazipo. Mimi huweka asilimia 40 na dakika 10, kisha Jumamosi moja, nakala rudufu ikiwa mkononi, natoa UPS kwenye soketi kwa makusudi na kutazama kama seva itajizima yenyewe. Ambaye hajawahi kufanya jaribio hili hajui kama ana UPS au ana sanduku zito.

Msimu wa mvua, kuanzia mwishoni mwa mwaka, kuzima peke yake hakutoshi. Baada ya seva kuzimika kabisa, hapo ndipo waya uchomolewe, wa umeme na wa mtandao pia. Kebo inayotoka kwenye antena ya paa inaingiza radi ndani sawasawa na ile ya umeme, nayo husahaulika kwa sababu ni nyembamba.

Umeme ukirudi, usikimbilie. Mara nyingi huja ukipanda na kushuka, na huenda ukakatika tena. Nasubiri dakika 10. Kwa seva iliyo karibu na watu, naipanga kwenye BIOS ibaki imezima umeme unaporudi, mpaka mtu aiwashe akiwa ametulia. Ya mbali naipanga iwake yenyewe. Ikishawaka, last -x inanionyesha kama ilizimwa kwa heshima au iliangushwa, systemctl --failed inanitajia huduma zilizokataa kuamka, na df -h kama diski ina nafasi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotosha kumwita mgonjwa ndani. Nafungua mfumo kama anavyoufungua mtu wa mapokezi, nachukua daftari juu ya seva, natafuta namba ya mgonjwa wa mwisho niliyoiandika. Nikimkuta yumo, na dawa zake zote, na muda uleule, ndipo namwambia sista afungue dirisha.